Kikuba cha Promu

Najua mmeshaisikia, tena si mara moja, na najua kila mtu wa Tandika aliyekuwepo siku ile ana namna yake ya kuisimulia, wengine wanasema nilitoka mbele ya wazee sijavaa kitu (uongo), wengine wanasema nilimpiga mzee wa watu kwa sinia la kahawa (uongo vilevile, sinia nililiangukia, sikumpiga nalo mtu), na wapo wanaoapa kwamba nilikuwa na mapepo. Sasa leo naisimulia mwenyewe. Aibu niliipata, sikatai, niliipata ya kutosha kuugawia ukoo mzima na bado ikabaki, lakini kama mnangoja niinamishe kichwa kila ikitajwa, mtangoja sana.

Ilikuwa zile zama za ruksa, milango ya vitu vya nje imefunguliwa, mitumba imejaa kila kona, na watu waliokuwa wakificha kipande cha sabuni chini ya kitanda sasa wana deki ya video sebuleni. Sie hatukuwa nayo. Baba alikuwa ameshapunguzwa kiwandani na anauza mafuta ya taa pale barazani kwetu, mama alishafariki nikiwa darasa la tatu, na aliyenilea ni shangazi yangu Mwanaidi, dada yake baba. Aliyekuwa na deki ni Shirin, rafiki yangu wa darasani, baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi Chang'ombe na wenyewe wanakaa juu ya duka, basi tulipomaliza mtihani wa kidato cha nne nikawa nashinda huko kwa kisingizio cha kumsaidia mama yake kukunja sambusa, na sambusa zilikunjwa, sikatai, ila zilikunjwa macho yako kwenye televisheni.

Shirin alikuwa mgonjwa wa filamu za shule za Marekani, na karibu zote, ziwe za mapenzi au za kutisha, zilikuwa zinaishia mahali pamoja, kwenye dansi la kuagana ambalo wenyewe wanaliita promu. Katika zile za mapenzi, msichana asiyetazamwa na mtu anavua miwani, anavaa gauni, na ukumbi mzima unabaki mdomo wazi. Katika zile za kutisha gauni ni lilelile na muziki ni uleule, ila badala ya busu anatokea mtu na shoka.

"Raha ya promu ndiyo hiyo," Shirin alikuwa ananiambia, "hujui utatoka na bwana au utatoka kwenye machela."

(Yeye mwenyewe kwao hata disko la mchana hawakumruhusu, kwa hiyo jueni kabisa kwamba mwalimu wangu wa promu alikuwa mtu ambaye hajawahi kwenda hata moja, kama mie.)

Lakini kilichoniua mie si dansi. Ni pale mlangoni. Kila filamu inayo, hata zile za shoka: kijana anakuja kwa kina msichana amevaa suti, anabisha hodi, baba mtu anafungua, kijana anamsalimia kwa heshima, msichana anashuka ngazi taratibu, kijana anamfunga ua mkononi, na baba, ambaye mwanzo alikuwa kakunja uso, anatabasamu. Hapo mie nilikuwa nalia. Nalia kabisa, unga wa sambusa mikononi. Kwetu mvulana akikuhitaji anapiga mluzi nyuma ya choo, na wewe unajifanya unakwenda kumwaga maji. Nikajiuliza, hivi mie nina kasoro gani hata nisije kuchukuliwa mlango wa mbele?

Na shule yetu ilikuwa imetangaza disko la mahafali, Jumamosi, saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili, soda moja kila mtu na walimu wamesimama pembeni. Sie wasichana tukaanza kuliita promu. Baba nilimwomba ruhusa ya kwenda kwenye "sherehe ya shule" na akanipa bila maneno mengi, hilo la disko sikulitia mkazo.

Wa kunichukua nikamchagua Hamza. Hamza tulikuwa tunasoma naye, mrefu, mpole, analelewa na baba yake mdogo, Mzee Kondo, fundi samani wa Keko, mtu wa msikitini na mwenye kauli nzito. Hamza hakuwa mpenzi wangu, msianze. Nilimchagua kwa sababu alikuwa anasikia akiambiwa. Na ili asikosee, nikachana karatasi kwenye daftari nikamwandikia maelekezo, na hiyo karatasi, jamani, ndiyo iliyonimaliza, kwa hiyo nawaambieni ilivyosema, neno kwa neno, maana hata leo mkiniamsha usingizini nawasomea:

"Hamza. Jumamosi saa saba na nusu. Vaa suti. Chana nywele. Leta ua la kunifunga mkononi, kama hulipati mwambie Bi Tatu akutungie kikuba, mwambie ni changu. Usipige mluzi. Bisha hodi mlango wa mbele, mwamkie baba, mwambie umekuja kunichukua. Usiogope, atakubali."

Kikuba mnakijua. Asumini, rihani, vilua, vinatungwa pamoja kwa uzi, mwanamke anabandika kifuani au kwenye nywele mume akiwa nyumbani. Mume! Hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu. Ila katika Tandika nzima maua ya kutungwa yalikuwa kwa Bi Tatu peke yake, na mie kichwani mwangu kikuba kikifungwa mkononi kinakuwa si kikuba tena, kinakuwa kitu cha promu, na nikadhani dunia nzima itaona hivyo kwa sababu mie na Shirin tumeona hivyo.

Sasa sikilizeni kilichotokea, ambacho mie nilikuja kukijua baadaye. Hamza hana suti. Akaenda kwa baba yake mdogo kuazima. Mzee Kondo akauliza, suti ya kwendea wapi? Hamza, kwa kuwa ni mtu wa kusikia akiambiwa, akampa karatasi. Mzee Kondo akaisoma mara mbili. Binti wa watu ameandika kwa mkono wake kwamba kijana aende kwa baba yake, mlango wa mbele, amevaa vizuri, aseme amekuja kumchukua, na baba atakubali. Wewe ungeelewa nini? Hamza anasema alijaribu kueleza habari ya promu, na baba mdogo akamwambia, "Nyamaza, haya mambo si ya watoto, mtu haendi kwa wenyewe peke yake kama mbwa." Na huku kwetu, Bi Tatu kuagizwa kikuba cha binti wa Mwanaidi na kijana aliyeloa jasho, unadhani alilala na siri hiyo? Bi Tatu ni shoga yake shangazi. Jioni ileile shangazi alijua, na usiku baba alijua, na kesho yake mtaa ulijua.

Nani hakujua? Mie. Kwetu anayeposwa ndiye wa mwisho kuambiwa.

Na niseme wazi hapa ni kitu gani kilichokuwa hatarini, maana watu huicheka hii habari wakadhani ilikuwa mchezo. Baba alikuwa ameniahidi nikifaulu nitaendelea na kidato cha tano. Lakini pale barazani kila siku wazee wenzake walikuwa wanamchimba, "Msichana akimaliza fomu foo, anangoja nini tena nyumbani?" na baba anamimina mafuta kwenye chupa ya mteja, hajibu. Ahadi ya baba ilikuwa nzito, ila baba mwenyewe alikuwa mwepesi mbele ya wazee wenzake. Akija mposaji wa heshima, na wazee wamekaa mkekani, basi ahadi ile ingekwenda na maji.

Jumamosi ikafika. Niliamka nikakuta uani sufuria la pilau, na wanawake wanne wa jirani wanachambua mchele wanacheka kwa kunong'ona. Nikasema moyoni, maskini shangazi, kumbe amenifanyia sherehe ya kumaliza shule! Nikambusu. Akaniangalia machozi yakimlengalenga. Nikasema, ah, anavyonipenda.

Nikajifungia chumbani kuvaa. Gauni nililitoa kwenye mitumba, la bluu, linang'aa, mabega wazi, refu mpaka linafagia sakafu, na nyuma lina zipu ndefu iliyoanzia pasipotajika. Zipu niliipandisha nusu, mkono ukakataa kufika. Nilipanga kutoka nimelifunika na buibui na kulivua shuleni, kwa hiyo buibui nikaliweka kitandani tayari. Kisha nikachungulia dirishani, nikamwona Hamza anakuja, ndani ya suti ya Mzee Kondo ambayo mabega yake yalikuwa yamefika mahali mabega ya Hamza hayajafika, kikuba mkononi, na kulia kwake na kushoto kwake wazee watatu wamevaa kanzu.

Mnajua nilichofikiri? Nikafikiri, kijana ana adabu huyu, hata wazee wake kaja nao! Kwenye filamu hawafanyi hivyo. Sie tumewazidi Wamarekani.

Hodi ikabishwa. Mlango wa mbele! Nikasikia baba anakaribisha, nikasikia Hamza anaamkia, "Shikamoo mzee," nikajifunga mikono kifuani kwa furaha. Nyumba yetu haikuwa na dari, kuta zimeishia njiani, maneno ya sebuleni yanaruka yanakuja chumbani ukitaka usitake, ila muda ule mie nilikuwa nahangaika na wanja, sikufuata mazungumzo, nilisikia tu sauti nzito za salamu ndefu na vikombe vya kahawa.

Mara shangazi akagonga mlango wa chumba. Nikatoa kichwa tu nyuma ya pazia, asije akaona mabega.

"Mwanangu," akasema, na sauti yake haikuwa ya kawaida, "kijana kaja na wazee wake, wamekuja kwa heri. Baba yako anauliza, wewe mwenyewe umeridhia?"

Nikaona, hii ndiyo ile! Pale baba anapomuuliza msichana kama yuko tayari. Na msichana kwenye filamu hajibu, anatazama chini na kutabasamu. Basi na mie nikatazama chini. Nikatabasamu. Nikanyamaza, nikanyamaza vizuri kuliko nilivyowahi kunyamaza maishani mwangu, mie ambaye shuleni nilikuwa naandikwa kwenye orodha ya wapiga kelele kila wiki.

Shangazi akapiga kigelegele. Wanawake wa uani wakakipokea. Nikakaa kitandani nangojea kuitwa, nikasema, Shirin lazima alisikie hili.

Ndipo nikaisikia sauti ya Mzee Kondo, kwa juu ya ukuta.

"Alhamdulillahi. Basi tupige Fatiha, na harusi tungeomba iwe kabla ya Ramadhani."

Wanja ukaniponyoka. Nikamsikia baba, polepole, "Kulikuwa na suala la shule." Na Mzee Kondo akacheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu mzima anavyocheka na mtu mzima mwenzake, akasema, "Amesoma vya kutosha. Barua ya mume ataweza kuisoma." Wazee wakacheka. Kisha baba akasema, "Kama mwenyewe ameridhia..."

Mnaelewa? Fatiha ikishasomwa na mikono ikapita usoni, hapo neno limefungwa, kulifungua ni kumvua baba yako nguo mbele za watu. Nikamsikia mmoja anasafisha koo. Buibui lilikuwa pale kitandani, umbali wa mkono mmoja tu, na mie sikulichukua. Niliruka. Nilipita kwenye korido mbio, nikafika mlango wa sebuleni, mguu ukakanyaga pindo, kizingiti kikamalizia, nikaenda chini kifudifudi juu ya sinia, vikombe huku, kashata kule, kahawa kwenye kanzu ya mzee mmoja ambaye hata jina lake sikuwahi kulijua, na nyuma zipu ile nusu ikashuka yote. Mikono ya wazee ilikuwa imeshainuliwa. Wakabaki nayo juu.

Na mie nikiwa palepale chini, kashata imegandia shingoni, nikapiga kelele:

"Sikuridhia! Mie sitaki mume, mie naenda disko!"

Uani, wanawake walikuwa wamenyamaza kuvuta pumzi ya kigelegele kingine. Kwa hiyo walisikia wote. Na wapita njia walisikia. Na baraza la jirani walisikia.

Mzee Kondo akasimama. Ndiyo, alikuwa na haki ya kukasirika, nasema leo, mtu ametoka Keko na wazee wenzake amekuja kumwagiwa kahawa. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa karatasi yangu.

"Hatukujileta," akasema. "Tumeitwa." Na akaisoma. Kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la serikali. "Vaa suti. Chana nywele." Uani mtu mmoja akaangua kicheko, nadhani ni Bi Tatu. "Leta ua la kunifunga mkononi..." Yote. Mpaka "usiogope, atakubali."

Baba akaniuliza, "Huu mwandiko wa nani?"

Hapo ndipo aibu yenyewe ilipokuwa, si kwenye gauni. Msichana kumwagizia mwanamume kikuba! Ningeweza kusema si wangu. Hamza asingenisaliti, namjua.

"Wangu," nikasema. "Nilitaka anichukue tuende disko la mahafali kama kwenye video. Sikumwita kuja kunioa. Kosa ni langu, si la Hamza, ila kuolewa siolewi."

Hapo Hamza, ambaye muda wote alikuwa ameshika kikuba kama mtu aliyeshikishwa bomu, akasema kwa sauti ndogo, "Hata mie, baba mdogo, nilikuwa naenda disko."

Baba akavuta kitambaa cha meza, akanifunika mabega. Akachuchumaa mbele yangu, magoti yakalia. Baba hakuwahi kuniuliza jambo la namna hii uso kwa uso, haya mambo yalikuwa yanapita kwa shangazi.

"Nakuuliza mie mwenyewe," akasema. "Umeridhia?"

"Hapana, baba."

Akainuka. Barua ya posa ilikuwa mkekani, imefungwa kwenye leso nyeupe, akaiokota kwa mikono miwili akamrudishia Mzee Kondo. "Ndugu yangu, umesikia na mie nimesikia. Niwie radhi kwa kanzu na kwa usumbufu. Mtoto hajaridhia." Na kwangu akasema, bila kunitazama, "Disko huendi."

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mie nikasema, "Na shule?"

Wazee wakaguna. Baba akanigeukia, na nikadhani sasa kofi linakuja. "Shule nilishasema," akasema. "Nirudie mara ngapi?"

Nikaoga maneno wiki nzima, lakini siku ile, hizo dakika, sikusikia kingine.

Wageni walipoondoka (pilau walifungiwa, kwetu mgeni haondoki na njaa hata kama ametukanwa) nikakaa uani kuosha vikombe, nikiwa na gauni langu vilevile. Shangazi aliniambia nikavue, nikasema sivui, nimelinunua nitalivaa, na nililivaa mpaka magharibi, nasugua sinia kwa jivu, majirani wanachungulia. Aibu niliisikia, msidhani mie chuma. Lakini sikuvua. Shangazi akavuta kigoda akakaa karibu yangu, tukaosha wote. Nilitegemea anisute, maana yeye ndiye aliyepeleka jibu, yeye ndiye aliyeumbuka.

"Mie waliponiuliza," akasema baada ya muda, "nilikuwa nalia. Sikuweza kusema. Wakatoka nje wakasema, analia, karidhia."

Akanisuuzia kikombe akakipanga. Shangazi aliolewa hajamaliza darasa la saba. Mie miaka yote nilikuwa najua ameachika, sikuwahi kujua aliingiaje.

Mtaani waliniita Mwali wa Disko, na jina hilo limenifuata mpaka kidato cha tano, mpaka chuo, na hata juzi kwenye msiba mtu mzima na mvi zake ameniita hivyo mbele ya watoto wangu. Na aniite. Hamza sasa ana karakana yake ya samani, ana mke na watoto, na tukikutana tunasalimiana kama watu waliopata ajali kwenye basi moja. Promu sikuwahi kwenda. Za filamu zenyewe siku hizi nikiziona nazima, mapenzi au shoka, kwangu hazina tofauti.

Na nilipoolewa mwenyewe, baada ya chuo, na bwana mwingine kabisa, sheikh alipokuja mlangoni kuniuliza, mashangazi wote wakaanza kunikoholea niiname chini ninyamaze kama mwali mwenye adabu. Sheikh akaanza, "Binti, umeri..." na mie nikajibu, "Nimeridhia!" mpaka wanaume wa nje wakacheka, mpaka mama mkwe akashika shavu. Shangazi Mwanaidi peke yake ndiye hakukohoa.

Kwa hiyo msiniambie nimejifunza kutulia, kwa maana sikujifunza hilo. Kumwandikia mvulana karatasi siandiki tena, hilo naapa, na kikuba nanunua mwenyewe. Lakini mtu akiniuliza kama nimeridhia, awe sheikh, awe baba, awe muuza samaki wa pale sokoni, atajibiwa kwa mdomo, na majirani wote watasikia.